Ndege Tisa za Mama Sindano

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Sindano alifika uwanjani nyuma ya kiwanda cha magodoro akiwa amebeba ndege ndogo ya rimoti, mali ya daktari wa meno wa klabu, imefunikwa shuka. Bawa lake la kushoto lilikuwa limevunjikia kwenye nguzo ya goli Jumapili iliyopita. Alikuwa amelichongea mbavu mpya kumi na moja, akalivisha hariri, akalipaka dawa ya kukaza kitambaa mara tatu. Aliiinua ndege kwa vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, akasubiri. Haikuinama mbele wala nyuma. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tunavyoambiwa. Vyake vilivikwa plasta.

Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita, na kila ndege aliyoitengeneza aliirusha kwanza yeye, mizunguko mitatu, kabla ya kumrudishia mwenye nayo. Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Klabu ya ndege ndogo ilikuwa na wanachama tisa na ndege tisa, na ukweli usemwe: hakuna hata moja ambayo haikutoka kwenye mikono ile. Wenyewe walinunua michoro na mota, wakakata mbao ovyo, kisha wakamletea vipande kwenye mfuko wa plastiki. "Mama, niwekee sawa kidogo tu," walisema. Kidogo tu! Kikombe cha mashindano kilikuwa sebuleni kwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu na mdogo wa marehemu mume wa Mama Sindano.

Asubuhi hiyo mwenyekiti alikuwa amemtangulia. Aliichukua rimoti mkononi mwa Mama Sindano taratibu.

"Shemeji, leo usirushe. Kanuni mpya za droni zimeanza, na sisi tumo humo humo. Asiye na kadi harushi."

"Basi nipeni kadi."

"Kadi ni ya mwanachama. Na mwanachama ni mwenye ndege." Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. "Sasa wewe, ndege yako ni ipi?"

Mama Sindano alizitazama zile tisa, zimepangwa kwenye nyasi. Hakuwa mtu wa kulilia uwanjani. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akatoa uzi.

Saa tatu afisa wa anga alikuja kukagua, amevaa kizibao cha njano, faili kwapani. Asingeridhika, uwanja ungefungwa. Kanuni ilitaka kila ndege iliyo angani ijitambulishe yenyewe: ni ya nani, na huyo mtu anapatikana wapi. Vijisanduku vya kufanya kazi hiyo vilikuwa vimeagizwa na bado havijafika, jambo ambalo mwenyekiti alikusudia kulieleza kwa ufasaha. Hakupata nafasi. Ndege yake, ile ya kikombe, ilipopita usawa wa paa la kiwanda ilisema kwa sauti safi, "Nimeundwa na Mama Sindano, nyumba ya pili nyuma ya karakana ya baiskeli."

"Abee," akaitika Mama Sindano, maana ameitwa.

Afisa aliandika. Ikapanda ya daktari wa meno, ikasema yale yale, ikaongeza kwamba bawa lake la kushoto ni jipya na kwamba rubani wake hasikii la mtu. Zote tisa zilisema. Wafanyakazi wa kiwanda walitoka nje na vikombe vyao vya chai, wakasikiliza mpaka kengele ikawarudisha ndani.

"Sauti iko wazi," afisa alisema. "Klabu nyingine nimelazimika kutumia kifaa ndipo nizisikie. Ila fomu zenu zina majina ya watu wengine."

"Hao ndio wenye ndege," mwenyekiti alisema.

"Na huyu anayetajwa?"

"Ni shemeji yangu. Hutusaidiasaidia."

Hutusaidiasaidia! Mama Sindano alikata uzi kwa meno. Huko juu ndege ya mwenyekiti ilikuwa imeanza tena, safari hii ikizitaja mbavu zake mmoja mmoja, na siku kila mmoja ulipochongwa. Moyo wake ukajaa, tabasamu likamponyoka. Jamani, mtu aisikie kazi yake ikimtaja angani, mchana kweupe, halafu asivimbe kichwa? Alivimba, na ilikuwa haki yake.

Afisa alibofyabofya kalamu akifikiri. Katiba ya klabu haikumhusu; usalama ndio uliomhusu. Akatoa kibali kwa sharti moja: kwa kuwa ndege zote zinamtaja Mama Sindano, hakuna itakayoruka bila yeye kuwepo uwanjani. Habari ya kadi, akazungumze na klabu. Klabu ilikaa kikao pale pale kwenye nyasi, dakika saba, ikaona katiba isiguswe.

"Mwakani tutaliangalia, mama," katibu alimwambia, na alimwambia kwa upole.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Kila Jumamosi yeye hufika wa kwanza, na rimoti haigusi. Daktari wa meno alimletea mto wa kiti. Siku akiugua, wanachama wote tisa hushinda nyumbani kama kuku walionyeshewa, na jioni humpelekea matunda. Kabla ya kurusha, katibu husoma orodha ya vifaa vya usalama iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo.

"Kizimamoto?"

"Kipo."

"Sanduku la huduma ya kwanza?"

"Lipo."

"Mama Sindano?"

Hapo haitiki. Hutunga uzi kwenye tundu la sindano, ametulia, mpaka katibu mwenyewe aweke alama ya vema. Kisha ndege ya kwanza hupanda, hulipita paa la kiwanda, na humwita mbele ya mji mzima.

"Abee," husema Mama Sindano, na huinua uso.