Chumvi ya Shangazi

Siku ya nne hospitalini, shangazi aliniamuru nikanyage klachi ya kitanda.

"Kanyaga! Unasubiri nini, nikuandikie barua?" Macho aliyakodoa ukutani kana kwamba lori lilikuwa linatujia. "Kioo! Angalia kioo!"

Nikacheka. Shangazi amefundisha udereva miaka ishirini na sita, na mdomo wake ni mkali kuliko honi. Nilidhani mzaha umerudi, basi na nafuu imerudi. Nikamshika mkono. "Tumeshaegesha, shangazi. Pumzika."

Akanigeukia taratibu, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Wewe dada, ni mwanafunzi wa zamu gani?"

Kicheko kikanikauka. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Amenilea tangu nina miaka saba, na ofisi ya shule yake ya udereva naiendesha mimi.

Alikuwa amelazwa kwa mafua makali ya virusi yaliyoshuka mpaka mapafuni. Siku ya kwanza tuliambiwa anywe maji ya kutosha, maana homa ilikuwa imemkausha. Hilo neno tukalifanyia kazi kwa namna tunayoijua sisi. Nilileta fomu ya mahudhurio kutoka ofisini, ile yenye visanduku thelathini, nikaibandika kwenye kabati dogo kando ya kitanda. Kila mwanafunzi aliyekuja kumwona alimnywesha glasi moja, akaweka alama ya vema. Wanampenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile; hakuna aliyethubutu kuacha kisanduku kitupu. Alipogoma tulimbembeleza. Alipolalamika kichwa na kichefuchefu tulisema ni homa hiyo, tukaongeza glasi.

Daktari alikuja na majibu ya damu mkononi, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akaibandua fomu, akahesabu alama kwa ncha ya kalamu.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi, daktari." Na kwa sekunde moja, Mungu anisamehe, nilijivunia.

"Sodiamu yake ni mia moja na kumi na nne. Inatakiwa ianzie mia moja thelathini na tano." Aliona sijaelewa, akavuta kiti. "Sodiamu ni chumvi ya damu. Mafua yakishika mapafu namna hii, kuna wakati mwili unapewa amri ya kuzuia maji. Hautaki kuyatoa kwenye mkojo. Na nyinyi huku mnamimina. Chumvi inazimuliwa, maji yanaingia kwenye ubongo, ubongo unavimba."

"Kwa hiyo nimemharibu kichwa?"

"Ugonjwa ndio uliowasha gari. Nyinyi mlisukuma tu." Hakutabasamu. "Tutairudisha, lakini polepole. Ikipanda kwa pupa ubongo unaumia vibaya zaidi, pengine asiongee tena. Kutoka sasa mpaka kesho saa hizi, pointi nane; zaidi ya hapo sitaki. Na maji ya kunywa ni glasi tatu ndogo kwa siku. Atakayempa ni muuguzi, si mwingine."

Muuguzi akatundika chupa ndogo, akafungua mrija.

"Sista, hiyo ni dawa gani?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Hiihii ya jikoni, ila imesafishwa na kupimwa. Ukiyakausha maji ya chupa hii, chumvi inayobaki haijazi kijiko cha chai."

Nikabaki nimeinua shingo. Tone likaanguka, likafuatwa na jingine. Mle kichwani mwa shangazi mlikuwa na barabara zote za mji na mashimo yake, majina ya wanafunzi elfu kadhaa na makosa ya kila mmoja, sauti ya marehemu baba yangu, mimi. Vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kitu ambacho nimekimwaga mezani mara ngapi, nikakikusanya kwa kiganja na kukitupa. Nilitaka kumwuliza sista kama na yeye huogopa anapofungua mrija ule, au ameshazoea.

Jioni namba ikafika mia moja kumi na saba. Kesho yake asubuhi, mia moja na ishirini. Alikuwa ameacha kuendesha kitanda, lakini bado aliniita dada.

"Dada, nipe maji kidogo tu. Nakuomba. Mungu atakulipa."

Hilo ndilo lililonikata maini. Shangazi haombi mtu kitu. Shangazi huamuru.

Saa sita mchana akaingia baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, koti limevimba upande mmoja. Alipomsikia dada yake anaomba, akatoa chupa ya maji.

"Shikamoo, baba mdogo. Hiyo hapana."

"Marahaba. Hapana nini?"

"Maji. Daktari amekataza."

"Dada yangu afe kwa kiu mimi nimesimama hapa kama nguzo ya umeme? Ondoka mbele yangu, mtoto."

Sijawahi kumzuia mkubwa wangu. Nikajiweka kati yake na kitanda. "Baba mdogo, mimi nimemnywesha mpaka akanisahau. Ukitaka kunipiga nipige, lakini hiyo chupa haipiti."

Alinitazama, akamtazama dada yake aliyelamba midomo iliyopasuka. Kisha akaikalia ile chupa kwenye kiti, akalia kama mtoto. Tukakaa hivyo, yeye anamshika mguu, mimi nalowesha kitambaa na kumpangusa midomo, huku shangazi akituomba kwa adabu ya mtu baki.

Asubuhi iliyofuata nilizinduliwa na ukimya. Shangazi alikuwa ameketi, ameegemea mito, ananikagua.

"Nani amekuruhusu kuvaa blauzi yangu kulalia viti vya hospitali?"

Baba mdogo akafunika uso kwa mikono miwili. Sista, mlangoni, akasoma karatasi ya maabara: mia moja ishirini na sita.

Nilimtazama kama mtu anayeona jua likichomoza chumbani.

"Si nakuuliza wewe, binti wa kaka yangu! Umekuwa bubu?"

Nikamwomba arudie.