Gari la Upepo Njia ya Kibosho

Gari la Shakiru halikuwa na springi za chuma. Alizitoa mwenyewe, akafunga za upepo: mifuko minne ya mpira mnene, kila tairi na mfuko wake, na kompresa ndogo ya kuijaza. Akibonyeza kitufe kimoja gari liliinuka likapita juu ya mawe. Akibonyeza kingine lilishuka chini kabisa, mtu akaingia kama anayekaa kitandani. Kazi hiyo aliifanya kwa ajili ya mkewe, Rahma, ambaye magoti yake yalikuwa yamekufa ganzi. Rahma alilipanda miezi saba tu, akafariki. Watoto wao walikuwa wameshaondoka, mmoja Mwanza, mmoja Muscat. Shakiru akabaki Shirimatunda, pale Moshi, na nyumba ya vyumba vinne.

Mwaka mmoja baadaye akapigiwa simu na mwanamke aitwaye Brenda, aliyekuwa Dar. Alisema mama yake, Yuditha, anaishi peke yake Kibosho na alivunjika nyonga. Teksi ndogo hazipandi kule mvua ikinyesha, na magari marefu mama hawezi kuyapanda. Anatakiwa kliniki mjini Alhamisi moja kila wiki mbili. Je, Shakiru angeweza?

Akaweza. Alipanda asubuhi, akalishusha gari mbele ya mlango, akasimama pembeni huku bibi akiingia taratibu na fimbo yake. Njiani walizungumza. Mama Yuditha alimweleza habari za kihamba chao, shamba la ukoo, kahawa waliyoing'oa na migomba iliyobaki, na mume wake aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Shakiru naye alijikuta akisema mambo ya Rahma ambayo hata wanawe hakuwahi kuwaambia. Alimwacha getini hospitalini, akaenda gereji kwa rafiki zake, akarudi kumchukua saa saba. Kufikia Jumatatu alikuwa ameanza kuhesabu siku za safari ijayo.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Walipokuwa wakishuka walikuta kalavati limebomoka, maji yamechimba barabara nusu nzima. Shakiru aliliinua gari mpaka mwisho, akapita polepole upande wa juu. Karibu avuke, akasikia kitu kikichanika, kisha upepo ukitoka kwa nguvu. Gari likalala upande wa kushoto, upande wa Mama Yuditha.

Nondo iliyochomoza kwenye zege ndiyo iliyopasua mfuko wa nyuma. Shakiru alizima kompresa isije ikaungua, akaziba bomba la ule mfuko kwa bolti ili mingine mitatu isipoteze upepo. Alipomfungulia bibi mlango amshushe, alimkuta ametulia, mikono juu ya fimbo.

"Nisamehe mama," alisema. "Miadi yako itatupita."

"Usijali miadi, baba."

Shakiru aliomba panga nyumba ya jirani, akakata kipande cha gogo la mgrevilia. Akaliinua gari kwa jeki, akakichomeka kile kipande kati ya ekseli na chasisi, akakifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Ilimchukua saa nzima, amelala kwenye tope. Alipotoka chini ya gari aliangalia saa, akasema ngoja apige simu kliniki aeleze, wasije wakamfuta kwenye orodha.

Hapo ndipo Mama Yuditha aliposema kwamba hakuna orodha.

Alisema bila kumtazama. Daktari alimruhusu tangu mwezi wa pili na kumwambia asirudi mpaka mwakani. Alhamisi zote hizo alikuwa akikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje.

"Watu wananisalimia pale," alisema. "Wananiuliza naumwa nini, tunaongea. Nyumbani naweza kumaliza juma zima sijasikia sauti yangu."

Shakiru alikaa kwenye jiwe, tope likimkauka mikononi. Hasira ilimjia kwanza, kwa sababu ya mfuko uliochanika, ambao hakuna wa kuutengeneza Moshi nzima. Kisha ikapoa, akaona aibu, maana hata yeye asingetaka safari zile ziishe.

Simu ya Shakiru ikaita. Alikuwa Brenda, akiuliza daktari amesemaje. Mama Yuditha alimtazama Shakiru, akatikisa kichwa kidogo sana. Shakiru angeweza kusema wamechelewa, basi. Lakini alimfikiria Rahma, jinsi alivyomficha maumivu mpaka yakawa hayafichiki.

"Mama yako haumwi," alisema. "Hana kliniki tangu mwezi wa pili. Anatafuta watu wa kuongea nao."

Brenda akakata simu.

Walirudi juu garini polepole, gari likigonga kila shimo upande wa gogo. Mama Yuditha alipofika kwake alikataa mkono wa Shakiru, akashuka mwenyewe, akifanya kama anayepima kila hatua. Mlangoni akageuka.

"Wewe nilidhani umenielewa," alisema, akafunga mlango.

Mfuko mpya uliagizwa Dar ukachukua wiki tatu. Gari lilikaa uani likiegemea gogo lake. Shakiru alimpigia Mama Yuditha mara nyingi, simu ikawa haipatikani. Alhamisi zilipofika alivaa shati la kutokea bila kujua anakwenda wapi, akaishia kwenda msikitini mapema na kukaa mpaka adhuhuri.

Siku aliyoufunga mfuko hakusubiri hata kuufanyia majaribio. Alipanda Kibosho moja kwa moja. Nyumba ya Mama Yuditha ilikuwa imefungwa kwa kufuli, madirisha yote yamebanwa, na jikoni hapakuwa na moshi. Alizunguka nyuma akiita hodi, mpaka jirani aitwaye Kindness alipotokea kwenye migomba na ndoo ya maziwa. Alimwambia kwamba Brenda alikuja wiki mbili zilizopita na kumchukua mama yake kwenda Dar. Alilia sana, yule binti, alisema Kindness. Alikuwa hajui kabisa upweke wa mama yake. Kisha akampa Shakiru namba mpya ya bibi.

Alisimama uani akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama Yuditha aliitambua sauti. "Ni Shakiru."

"Ni mimi. Niko kwako."

Alimuuliza anaendeleaje. Mama Yuditha alisema Brenda anamtunza vizuri, ila anatoka alfajiri na kurudi jua limezama, na wapangaji wa ghorofa ile hawasalimiani kwenye ngazi. Usiku wanakula pamoja. Hilo ni zuri, alisema, hilo hakuwa nalo.

Shakiru alisema hakukusudia waje wamwondoe kwake.

"Najua," alijibu. "Nilikukasirikia siku tisa. Ya kumi nikataka kukupigia, namba yako iko kwenye ile simu ya zamani iliyoharibika." Kisha akauliza: "Niambie, ile migomba ya kwenye mfongo imeanguka?"

Shakiru alikwenda mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa nyuma ya nyumba, simu sikioni. Maji yalikuwa yanapita kwa wingi. Mgomba mmoja ulikuwa umelala na mkungu wake, miwili imesimama. Akamweleza hivyo. Bibi akataka kujua ule ulioanguka ni wa juu au wa chini, na ndizi zake zimekomaa kiasi gani. Shakiru hakuwa mtu wa migomba. Akachuchumaa kwenye majani yenye maji, akaanza kumwelezea ndizi moja moja, ukubwa wake na rangi yake, na Mama Yuditha hakumharakisha.