Dagaa Ndani ya Mashine ya Michembe

Mihayo alikuwa ametengeneza redio Bukoba, pampu za maji Sengerema, na kule Bunda mashine ya kusaga iliyomla ncha ya kidole. Miaka arobaini alizunguka ziwa hilo na kikapu cha bisibisi, hakai mahali mvua tatu zikamkuta. Lakini hakuwahi kupewa kazi nzito kama aliyopewa na mdogo wake Evelina asubuhi ya Jumamosi, uani kwake Igogo. Alipewa kutengeneza mashine aliyoiua yeye mwenyewe.

"Wewe si ndiye fundi, kaka," Evelina alisema, akaibwaga mashine ya kukaushia mbele yake. "Iangalie. Huyu mtu wa samaki kaniulia."

Mtu wa samaki ni Akumu, mke wa Masele, mtoto wa Evelina. Kwao Shirati, Mjaluo, baba yake na babu yake wavuvi. Wakati huo alikuwa ndani anapanga nguo zake, za mtoto na sufuria kwenye begi. Alisema anakwenda kumsalimia mama yake, na kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba mwanamke habebi sufuria zake kwenda kumsalimia mama.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Chini ina feni na koili ya kupasha joto, juu treya tano za matundu zimepandana. Unapanga vipande vyako, unawasha, upepo wa moto unapanda usiku na mchana hadi vinakauka. Masele alimnunulia mama yake kwa mshahara wa mgodini Geita. Kabla ya hapo Evelina alianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba kama wenzake, akigombana na kuku, na mbuzi wa jirani, na wingu. Siku hizi hata masika alikausha viazi vyake, akawapelekea wajukuu Dodoma, akajisifu kanisani mpaka wenzake wakachoka.

Sasa yaliyotokea ni haya. Jumanne Evelina alikwenda msibani Mkolani, akalala huko huko. Mihayo akateremka mwaloni, wanakoshushia samaki, kunyoosha miguu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, kina mama wana dagaa wabichi kwenye ndoo na jua la kuwaanika hakuna, wanawagawa kwa bei ya kutupa. Akanunua sado mbili, makopo mawili ya kupimia. Miguu ilikuwa imeanza kumwasha tena. Alikuwa na mpango wa kuvuka kwenda Ukerewe bila kumuaga mtu, na msafiri mwenye dagaa wakavu na chumvi hafi njaa. Akawamwaga kwenye treya, akawasha.

Baada ya saa moja uani kote kulinuka. Mihayo akaona haya. Akaenda stoo, akachukua gunia la katani, akaifunika mashine yote, juu mpaka chini, ili harufu ibaki humo humo. Akaenda kujilaza. Alipoamka feni ilikuwa inakoroma kwa shida na joto hakuna. Dagaa walikuwa wameiva nusu, wanatoa maji. Akawafukia nyuma ya choo, akasugua treya kwa sabuni na majivu, akakaa kimya.

Evelina akarudi Jumatano, akapanga viazi vyake. Alhamisi vikawa na utelezi, vinanuka dagaa.

"Ni Akumu huyu!" alifoka. "Nani mwingine? Si ndiyo, kaka?"

Hapo ndipo Mihayo alipofungua mdomo. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Labda."

Neno moja tu. Evelina akalichukua, akampigia Masele simu palepale: mke wako kaharibu mashine kwa dagaa, nikimuuliza ananitazama tu, hata mjomba wako anasema ni yeye. Tangu siku hiyo Masele hakupokea simu ya mkewe. Na mzee mwanamume, fundi, mgeni wa kuheshimiwa, nani angemshuku na mambo ya kukausha?

Basi Mihayo akaivuta stuli kivulini, akaanza kazi, na moyo wake ukaanza kumtafutia mlango wa kutokea.

Mlango wa kwanza ulikuwa umeme. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua vitu, kila mtu anajua. Akachomeka plagi, taa nyekundu ikawaka. Akapima waya kwa mita, mzima. Swichi nzima. Mlango ukafungwa.

Akaigeuza, akafungua skrubu nne za chini. Harufu ikampiga usoni. Kwenye ekseli ya feni kulikuwa na kichwa cha dagaa kimekwama, na mafuta yamegandia kwenye mapanga yake kama gundi. Akakitoa kwa koleo, akafuta kwa kitambaa chenye spiriti, akazungusha feni kwa kidole. Ikazunguka vizuri. Akajiambia, pengine ni hiki tu, kichwa kimoja, bahati mbaya, hakuna mwenye kosa. Akawasha. Feni ikavuma safi kabisa. Upepo ukatoka baridi.

Koili akaipima, nzima. Ikabaki fyuzi ya joto, kidude kidogo kama punje ya mpunga, kimevishwa soksi nyeupe kando ya koili. Kazi yake ni kukata umeme joto likizidi. Akagusisha mita huku na huku. Kimya. Imekatika.

Na Mihayo alikuwa fundi kweli, hakuweza kujidanganya kwenye kazi yake. Kichwa cha dagaa kingeipunguza feni mwendo tu. Fyuzi ile haikatiki mpaka upepo uzibwe kote, unapoingia na unapotoka. Kilichoiua mashine si dagaa. Ni gunia. Ni ile haya yake.

"Baba, chai."

Akumu alikuwa amepiga magoti hatua tatu kutoka kwake, kikombe amekiweka kwenye ngazi, macho chini. Ndivyo alivyofanya tangu siku ya kwanza. Mjomba wa mume ni baba mkwe, na mkwe hamkaribii mkwe, hampi kitu mkononi, hamtazami usoni. Kwao ni hivyo na kwa Wasukuma ni hivyo, katika hilo hawakuwa na ugomvi.

"Asante, mama Roza. Safari saa ngapi?"

"Basi la saa saba, baba."

"Utakaa sana?"

"Sijui. Masele hapokei." Akachora chini kwa kidole. "Lile gunia nililifua, baba. Lilikuwa na magamba. Nimelirudisha stoo."

Akainuka, akaingia ndani.

Mihayo akabaki na bisibisi mkononi. Akumu alikuwa anajua. Tangu Jumanne alikuwa anajua, na hakulifua lile gunia kwa ajili yake mwenyewe. Alimfichia baba mkwe aibu, halafu huyo baba mkwe akasema labda. Angefanyaje? Asimame mbele ya mama mkwe amnyooshee mzee kidole? Mke wa namna hiyo wangemsema Shirati na Igogo pamoja. Chai ikapoa pale kwenye ngazi, hakuigusa.

Saa tano akavaa kofia, akamwambia Evelina anafuata fyuzi. Kweli alikuwa anafuata fyuzi. Lakini nauli ya meli ilikuwa kwenye mfuko wa shati tangu Jumanne, na barabara ya kwa Venant, fundi mwenzake mwenye vipuri, ndiyo hiyo hiyo ya bandarini. Miguu yake ilipita mlango wa Venant hatua ishirini, thelathini. Ilikuwa na mazoea. Ilishamtoa kwenye nyumba nyingi kabla maneno hayajafika mezani. Akasimama kando ya mama anayeuza ndizi, watu wanampita huku na huku, akajiona mjinga, akageuka.

Venant alikuwa ameinamia runinga iliyopasuka.

"Shikamoo, mzee Mihayo. Leo nani mgonjwa?"

"Marahaba. Fyuzi ya joto. Nataka yenye namba hizi hizi, usinipe ya pasi."

Venant akakoroga kopo lake la vidude. "Mzee nawe. Si uunge waya tu moja kwa moja? Wenzako wote wanafanya hivyo, na inawaka."

"Inawaka, ndiyo. Na nyumba nayo inawaka."

Venant akacheka mpaka akakohoa. "Haya, hii hapa, namba zinafanana. Ilikatikaje?"

"Ilifunikwa gunia."

"Gunia! Na kichaa gani?"

"Na mimi."

"Ahaa! Basi fundi kajitafutia kazi mwenyewe! Biashara imekuwa ngumu, eti?"

Mihayo akacheka naye. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, akarudi nyumbani amejipa moyo. Alipoona begi limeshatolewa mlangoni, na mtoto amevalishwa viatu, ndipo akajua kwa nini ilikuwa rahisi. Venant hakuwa amekosewa kitu.

Fyuzi hakuichoma kwa risasi ya kuunganishia waya, kwa sababu joto la kuchomea lingeiua kabla haijaanza kazi. Akaibana kwa vishikizo vya chuma, akaivisha soksi yake, akafunga skrubu nne. Akawasha. Feni ikavuma. Akaweka kiganja juu, baada ya muda vuguvugu likaja, halafu moto.

Evelina akatoka jikoni na mikono ya unga. "Inapumua! Nilijua! Kaka yangu huyu, serikali ingekuwa na akili ingemweka kiwandani." Kisha akapaza sauti ili isikike ndani. "Sasa tukishatengeneza, mtu asije tena na ndoo zake!"

"Evelina, kaa."

"Nina ugali motoni."

"Epua. Kaa."

Alikaa. Mihayo hakupanga maneno. Mara zote alizowahi kupanga maneno alikuwa anapanga uongo.

"Dagaa ni wangu. Nilinunua Jumanne. Nikaifunika kwa gunia isinuke, ikafa kwa joto. Akumu hakugusa."

Evelina alimtazama kana kwamba amezungumza Kijerumani. "Dagaa wa nini? Humu ndani umelala njaa lini?"

"Wa safari. Nilitaka kwenda zangu."

"Bila kuniaga?"

"Bila kukuaga."

"Na Alhamisi nilipokuuliza?"

"Nilisema labda."

"Siku mbili!" Evelina alisimama, unga ukamwagika kwenye kanga. "Siku mbili unakula ugali anaousonga huyu mtoto, maji ya kuoga anakuchotea, na wewe umekaa tu kama jiwe la nyuma ya nyumba! Nimemtukana mbele ya majirani, Mihayo! Nimemtukana mpaka ukoo!" Hakumwita kaka. Akageukia mlangoni. "Akumu! Ulijua?"

Akumu alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, anatazama ukuta. "Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ni mkwe."

Evelina akafuta mikono, akatoa simu kwenye kanga, akabonyeza, akaiweka sauti kubwa, akamsukumia Mihayo kifuani.

"Mimi nilimwambia uongo bila kujua. Wewe ulijua. Mwambie."

Ikaita mara nne. "Shikamoo, mama," sauti ya Masele, nyuma yake magari makubwa yananguruma.

"Ni mjomba wako."

"Ee, shikamoo mjomba. Kuna nini?"

Marahaba hakuitikia. Hakuona kama inamstahili. "Mashine niliiharibu mimi, Masele. Kwa dagaa wangu. Mkeo alijua, akanifichia kwa heshima, nikamwacha atukanwe. Niliposema labda, nilisema uongo."

Masele hakumtukana. Mihayo alingoja matusi, angeyapokea kama maji ya kunywa, hayakuja.

"Mjomba," Masele alisema mwishowe, "naomba umpe mke wangu simu."

Mihayo akaiweka juu ya stuli, akarudi nyuma hatua tatu, akageuza uso. Alimsikia Akumu akiichukua, akizima sauti kubwa, akiingia nayo ndani. Akalia, kilio cha mtu aliyejibana tangu Alhamisi, halafu akaanza kusema kwa haraka, na maneno hayakusikika uani.

Evelina alilibeba begi la mkwe wake kichwani, akalirudisha chumbani. Akumu alilitoa tena.

"Nitakwenda, mama," alisema. "Masele amesema niende wiki mbili, atanifuata mwenyewe. Kwetu nimeshawaambia nakuja."

"Basi nitakusindikiza mpaka stendi. Watu wanione nimekubebea."

Walipita uani, mama mkwe mbele na begi kichwani, mkwe nyuma na mtoto. Mihayo aliinuka. Akumu alipofika usawa wake akapiga goti kidogo, macho chini, kama siku zote.

"Baki salama, baba."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Mihayo alijibu kitu, hata mwenyewe hakukisikia, akabaki amesimama mpaka geti likafungwa.