Matairi Aliyoyakataa Bujiku

Mimi ni Mama Ghati. Naanza na hilo kabisa, asije akatokea mtu wa kuniita jina jingine humu ndani. Nilipozaliwa Tarime niliitwa Bhoke, na hapa Geita naendesha teksi mwaka wa tisa huu, IST ya rangi ya fedha. Lakini Mama Ghati ndilo jina nililolihangaikia. Niliolewa na Charles nikakaa miaka kumi na moja bila mtoto. Miaka kumi na moja wenzangu wanaitwa Mama fulani, mimi naitwa "shemeji", "dada", na "wewe". Siku binti yangu alipozaliwa nilimtajia nesi jina lake hata kabla hajamfuta vizuri, ili tu aniite. Akaniita. Nikamwambia arudie.

Sasa sikia nilivyonyang'anywa.

Kila mwezi wa nane madereva wa hapa tuna mbio zetu. Tunapanga koni za plastiki, zile za barabarani, kwenye uwanja wa saruji wa kiwanda kimoja cha zamani cha pamba nje ya mji. Magari yanapita moja moja, kona kwa kona, saa inahesabu. Ukigusa koni ikatoka kwenye duara lake la chaki, unaongezewa sekunde mbili. Mwaka jana niligusa kumi na nne. Koni zote zilikuwa ishirini! Moja ilinasa chini ya bampa nikaenda nayo hadi nyumbani, na Charles akaniuliza kama ndiyo zawadi.

Mtangazaji alikuwa Mwigulu, fundi umeme wa magari ambaye pia ni MC wa kila harusi mjini, mdomo hauna breki. Akasema kwenye spika, "Jamani, mpisheni Mama Koni!" Basi. Kesho yake abiria wananiita Mama Koni. Wauza mkaa, Mama Koni. Paroko naye, Mungu amsamehe, Mama Koni.

Ningevumilia, maana nina ngozi ngumu. Lakini jioni moja Ghati, ana miaka minane, akaacha uji wake akaniangalia.

"Mama, mimi siitwi Koni."

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini wewe ni Mama Koni? Mimi nimeenda wapi?"

Niliingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hata sikuvihitaji.

Asubuhi nikamfuata Mwigulu gereji. Nikamwambia rudisha jina langu. Akacheka. "Jina halirudi kwa ugomvi. Mwezi wa nane upite uwanja mzima bila kugusa koni hata moja, nitakutangaza Mama Ghati kwa spika ileile. Ukigusa moja tu, utazikwa nalo." Tukapeana mkono. Niliuminya mpaka akaomba msamaha.

Shida yangu haikuwa usukani. Usukani naujua. Shida ilikuwa matairi, na matairi yale alinichagulia Bujiku.

Bujiku ni mzee wa Kisukuma kutoka Kishapu, fundi wa katambuga, vile viatu vya matairi. Anakaa sokoni karibu na mashine ya kusaga, na ana miaka thelathini anapasua matairi kwa kisu. Mwaka juzi nilijiambia, nani anayajua matairi kumzidi mtu anayeyapasua matumbo kila siku? Nikamwomba anichagulie seti nzuri. Akachagua. Na kweli, mwaka na zaidi, mashimo, kokoto, magunia ya nyanya, hayakulika hata kidogo. Ila kwenye saruji yaliteleza kama yamepakwa mlenda.

Nilifika kwake nimefura. Nikamwamkia kwanza, maana hasira zangu zina adabu.

"Shikamoo, Mzee Bujiku."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka." Kwa Kisukuma mayu ni mama, na mwangaluka ni salamu yao ya asubuhi.

Kisha nikaanza. Nilisema yote, mpaka wanunuzi wa dagaa wakasogea kusikiliza. Bujiku aliendelea kukata soli polepole. Wasukuma na upole wao utanitoa roho!

Kabla sijamaliza akaingia Kalisti, mchimbaji mdogo, naye amefura. Akamtupia Bujiku katambuga zilizolika visigino.

"Mzee, miezi mitatu tu! Hivi ni viatu au biskuti?"

Bujiku akavishika kwa aibu. "Mpira huu ulikuwa laini. Nilijua. Nilikosa mwingine. Nisamehe, nitakutengenezea vya mpira mgumu."

"Vya mpira mgumu sitaki," Kalisti akasema. "Vile vya kwanza viliniangusha mara mbili kwenye mawe ya kuoshea dhahabu. Hivi vinanata, hata jiwe likiwa na maji. Nataka hivihivi, ila vidumu."

Nikavichukua nikavibonyeza. Mimi, Mkurya, nikaacha ugomvi katikati.

"Mzee," nikasema, "tairi la viatu hivi liko wapi?"

Akalitoa nyuma ya kibanda, vipande vilivyobaki. Ubavuni kulikuwa na namba, mia mbili. Nikaenda kwenye gari langu nikachungulia ubavu wa tairi lililoniaibisha. Mia sita.

"Hizo namba nazijua," Bujiku akasema. "Za mia sita ni ngumu, nanunua. Za mia mbili ni laini, nawapa watoto wafanye bembea."

Yaani mzee alikuwa amenichagulia matairi kama anayechagua viatu! Kwa mchunga ng'ombe wa Kishapu anayetembea mpaka mnadani, tairi zuri ni lile lisilolika. Na lisilolika ni gumu, na gumu halishiki. Hakunidanganya hata kidogo.

"Inuka," nikamwambia. "Twende kwa Davis. Safari hii unichagulie matairi ambayo wewe ungeyakataa."

"Mayu, hiyo ni dhambi."

"Ingia kwenye gari."

Davis anauza matairi barabara kuu, mapya na mitumba, na kwake kila tairi ni la mwisho lililobaki. Alitutolea manne yanayong'aa kweli. "Ya michezo haya, Mama Koni. Bei ya mitumba, nguvu ya ndege."

Bujiku akainama akanusa. "Rangi ya viatu," akasema. "Mimi ndiye mtu wa viatu hapa."

Nikatafuta zile tarakimu nne za tarehe ubavuni, wiki na mwaka. Wiki ya arobaini, mwaka wa kumi na sita. "Davis, tairi hili limemzidi mwanangu umri. Na mimi naitwa Mama Ghati."

Akaleta mapya ya mia sita. Bujiku akabonyeza ukucha, uso ukamchanua. "Mpira huu! Mayu, huu unarithisha mpaka wajukuu."

"Weka pembeni."

Akaleta ya mia mbili, laini kweli, lakini kwa bei ile na teksi ya kila siku ningeyamaliza kabla mahindi hayajakomaa. Mfuko wangu haukukubali. Hapo ndipo Davis alipotoa mengine, mapya, ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, yana vumbi kwa kukosa wa kuyaulizia. Bujiku akabonyeza. Ukucha ukazama kidogo. Akakunja uso.

"Haya hapana. Si laini kabisa, si magumu. Kiatu chake kitavuka Krismasi lakini Pasaka hakifiki."

"Namba?"

"Mia tatu."

"Davis, shusha manne."

"Mayu, usinitie aibu," Bujiku akanong'ona, "watu wananiona."

Malipo ya ushauri hakutaka pesa. Alitaka yale manne magumu ya zamani. Alipoyapakia kwenye mkokoteni alikuwa anayapapasa, nami nikamwonea wivu mtu anayefurahishwa na aibu yangu.

Mwezi wa nane ukafika. Asubuhi boza lilimwaga maji uwanjani kuzuia vumbi, saruji ikawa inang'aa. Madereva wenye mia sita zao wakaanza kwenda upande upande. Ghati alikaa mbele kabisa na baba yake. Bujiku alikuwa nyuma yao, mikono kichwani, kama mtu anayesubiri kusikia msiba aliousababisha yeye.

"Anayefuata," Mwigulu akatangaza, "Mama Koooni!"

Niliwasha gari. Nilikata kona ya kwanza nikisubiri makalio ya IST yakimbie. Hayakukimbia. Ya pili, hayakukimbia. Matairi yalilia lakini yakashika, na mimi nikaanza kulia nayo, nasema twende, twende mama. Koni kumi. Koni kumi na tano. Sikuangalia saa, na baadaye niliambiwa nimekuwa wa saba kati ya kumi na tisa, shauri yao. Nilipopita ya ishirini nikasimama, nikageuka.

Zote zimesimama!

"Subirini!" Mwigulu akapiga kelele. "Ya mwisho imecheza! Nimeiona! Ikitoka nje ya chaki imehesabiwa!"

Nikazima gari. Akaruka kutoka jukwaani, maiki mkononi, akaja mbio kukagua. Miguuni alivaa katambuga mpya. Nikaitambua soli ile, ina mistari ya zigizaga. Nimeiosha kila Jumamosi mwaka mzima, ikiwa bado tairi langu.

Alipofika kwenye maji alijaribu kusimama. Miguu ikakataa. Alipita kwa makalio, akabomoa koni ya kumi na saba, ya kumi na nane, ya kumi na tisa, na spika ikamtangazia kila neno, "Mama yangu weee!" Alikoma pua yake ikiwa shibiri moja kutoka koni ya ishirini.

Uwanja mzima ukapiga kelele, "Baba Koni!" Bujiku alinigeukia akasema kwa sauti ya fahari, "Lakini soli haijapata hata mkwaruzo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mdomo wa Mwigulu. Angeweza kusema lolote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa karibu. Akaangalia chaki kwa muda mrefu, amelala pale kwenye maji, shati limechafuka. Kisha akavuta maiki.

"Iko ndani ya chaki," akasema. Akahema. "Mama Ghati. Koni sifuri. Narudia, Mama Ghati."

Sikumwomba arudie. Alirudia mwenyewe.

Ghati aliruka kamba, akaja mbio kwenye maji bila kuteleza, akaingiza kichwa dirishani. Macho yamemtoka.

"Mama! Umesikia? Wameniita kwenye spika!"

"Nimesikia, mwanangu," nikasema. "Wamekuita."