Moto wa Kuonyesha

Tuanze kwa kumtendea haki mume wa Mama Pacha. Hakuwahi kumpiga mkewe, hakuwahi kumtukana, wala hakuwa na nyumba ndogo mahali popote. Alikuwa karani wa bohari kwenye kiwanda cha unga, mtu wa shati lililonyooshwa na sauti ya chini, na mtaani walimwita Mkono wa Birika akishawapa mgongo. Ukitaka kujua alimfunga mkewe kwa kitu gani, usitafute kamba. Sikiliza swali alilomuuliza kila mwisho wa mwezi, akiwa kwenye kochi anavua soksi polepole.

"Mama Pacha, kimebaki nini?"

Mwaka wao wa kwanza katika vile vyumba viwili, Mama Pacha alikuwa analijibu kwa furaha. Alibana matumizi kama alivyofundishwa kwao: vipande vya sabuni aliviloweka akavifinyanga kuwa mche mpya, mafuta ya kupikia aliyapima kwa kijiko, mashati ya mumewe yakichakaa kola alizifumua akazigeuza. Chenji akaiweka mezani, akasubiri sifa. Akasifiwa kweli, tena kwa dhati. Mwezi uliofuata posho ikaja imepungua kwa kiasi kile kile kilichobaki.

"Kama kilibaki," mumewe alimweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kujumlisha, "maana yake kilikuwa kimezidi."

Akabana tena, kikabaki tena, kikapunguzwa tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila hawakutuambia kibaba chenyewe ni cha nani. Cha Karani kilikuwa kwa ajili ya kiwanja ambacho angekinunua siku moja, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuonyeshwa hata kona yake. Kwa Mama Pacha ilikuwa bandu bandu, na gogo lilikuwa linaelekea kwisha. Ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba kila anapozidi kuwa hodari ndivyo anavyokaza kitanzi chake mwenyewe. Siku alipoelewa alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashindwa hata kulia.

Tangu siku hiyo akaamua kuwa mjinga. Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mwanamke mwenye akili, nakuambieni. Vitunguu vikawa "vinaoza", sukari ikawa "inaliwa na sisimizi", na mwisho wa mwezi jibu likawa moja tu: hakijabaki kitu. Karani alikuwa anatikisa kichwa, anasikitika, na posho inabaki palepale.

Mali yake kubwa ilikuwa kapu. Lilikuwa kapu la kawaida la sokoni, pana, lakini ndani alilitandika blanketi kuukuu na matambara mpaka likabaki shimo la kutosha sufuria moja. Maharage aliyaloweka usiku, asubuhi akayachemsha mpaka maganda yakaanza kujikunja, kisha akaipua sufuria ikiwa bado inatokota, akaizika ndani ya kapu na kuifunika gubigubi. Kapu likaenda mvunguni mwa kitanda. Hapo hapaguswi wala hapafunuliwi, na mchana maharage yako laini, moto wenyewe ulizimwa zamani. Kwa njia hiyo mkaa wa siku mbili ulimtosha siku nne.

Jioni, kabla Karani hajarudi, Mama Pacha alikuwa anawasha jiko kwa viganja viwili vya mkaa na kuweka juu yake sufuria ambayo imeshaiva. Moto huo haukupika kitu. Ulikuwa wa kuonyesha tu, mwenye nyumba akiingia aone mkaa wake unavyoteketea na asiulize maswali.

Nusu ya hela ya mkaa ilikwenda kwa Bi Mkasi. Huyu alikuwa fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa akijiandaa kuhamia kwa mwanawe. Cherehani yake alikubali kumuuzia Mama Pacha kwa kulipa kidogo kidogo, na kibaraza amwachie. Lilikuwa limebaki fungu moja la mwisho.

"Kuna mtu ananisumbua na pesa mkononi," Bi Mkasi alimwambia. "Nimemwambia angoje mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa, mwanangu, nitakurudishia chako chote, lakini cherehani itaondoka."

Mama Pacha hakuitaka cherehani ile ili atajirike. Alitaka tu kitu kimoja maishani ambacho hakuna mtu atakayemuuliza kimebaki kiasi gani. Alikuwa akilala analiota gurudumu lake.

Sasa, katikati ya mwezi huohuo, mtambo mkubwa wa kiwandani uliharibika, wafanyakazi wakaruhusiwa mchana. Mama Pacha alikuwa uani akianua nguo. Aliporudi ndani alimkuta mumewe chumbani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Karani alikuwa ameinama aweke viatu, mkono wake ukagusa kitu chenye joto.

"Hiki nini?"

"Maharage, Baba Pacha."

Alilivuta kapu, akafunua tambara moja baada ya jingine. Mvuke ukampiga usoni. Akaenda jikoni, akaligusa jiko, lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akarudi. Mama Pacha alikuwa amesimama palepale na nguo mikononi.

"Umeanza lini mambo haya?"

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Akisema zamani, ataulizwa hela ya mkaa ilikuwa inakwenda wapi.

"Leo," alisema. "Ndiyo kwanza najaribu."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira angeimudu. Lakini Karani alikaa kitandani, akaonja punje moja, akafumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yamelowa kidogo.

"Mke wangu," alisema, "kumbe akili unayo. Mimi nilishakata tamaa. Kwa hiyo mkaa nusu unatosha?"

"Labda, siku nyingine..."

"Si labda. Unatosha."

Jumamosi, siku ya kutoa hela ya mkaa, alitoa nusu. Akaongeza na habari: kazini amewasimulia wenzake wote, na Jumapili watakuja na wake zao wajionee. Alikuwa na furaha ambayo Mama Pacha hakuiona tangu mapacha walipozaliwa. Ndilo lililomuuma zaidi. Mume ambaye kwa miaka alimwonea huruma sasa alikuwa anajivunia mke, na sifa hiyo ilikuwa inamfungia mlango wa mwisho.

Jioni hiyo alikuja mke wa Makanika. Makanika ndiye aliyekuwa akitengeneza mitambo ya kiwandani, na mkewe alijulikana kwa kicheko kinachosikika nyumba ya nne. Siku hiyo hakucheka. Aliegemea mlango wa jikoni, mikono kifuani.

"Shoga, wangu kapunguza hela ya mkaa. Hilo kapu lenyewe hajaliona, kasikia tu. Mlinzi wa kiwandani naye kwa mkewe hivyohivyo."

"Sikumwambia mimi. Alilikuta."

"Najua. Lakini chenji ya mkaa ndiyo ninayomnunulia mama yangu dawa. Wangu hajui, na hawezi kujua. Wewe umejipalia makaa, sawa. Mbona na sisi tumo jikoni?"

Mama Pacha alitazama vyungu, akatazama dirisha dogo lenye nondo, akajisikia kama mtu aliyebanwa kati ya kabati na ukuta. Mke wa Makanika alipumua, akamshika bega, akaondoka.

Jumapili walijaa sebuleni. Wanaume walikalia viti, wake zao mkeka, na Karani hakukaa kabisa. Alisogeza jiko mpaka mlangoni kila mtu aone, akakunja mikono ya shati, akaeleza habari za joto na uvivu wa moto utadhani kapu kalisuka yeye. Maharage yaliyolowekwa yalikuwa juu ya jiko. Maji yalipoanza tu kutoa mapovu akanyanyua mkono.

"Yamechemka. Ipua."

"Bado kidogo, Baba..." Mama Pacha alisema kwa mazoea.

"Hicho kidogo ndicho mkaa wenyewe," mumewe alisema, na wanaume wakaguna kwa kukubali.

Kinywa cha Mama Pacha kilikuwa wazi. Alijua yanataka nusu saa nyingine, mpaka maganda yajikunje. Alijua vilevile kwamba sentensi moja tu ingetosha, na mbele ya kadamnasi ile angeonekana ndiye mwalimu. Alitamani kuisema. Mwanamke anaweza kuishi muda mrefu bila nyama, lakini kusifiwa kwa kazi aliyoigundua mwenyewe, tena hadharani, hiyo ni njaa nyingine. Akainua macho, akakutana na ya mke wa Makanika kule mkekani. Mke wa Makanika hakukonyeza wala hakutikisa kichwa. Alisubiri tu, kama wote.

"Wewe ndiye mwenye nyumba," Mama Pacha alisema, akaipua.

Wakaizika sufuria kapuni. Lakini Karani ni Karani. Mlinzi alichelewa, akafunuliwa aone mvuke. Akaja jirani kuazima kiti, naye akafunuliwa. Kila tambara lilipoinuka joto lilikuwa linapaa darini, na kila mara Mama Pacha alikuwa anazikunja nguo za mapacha mapajani, anazikunjua, anazikunja upya. Mikono ilimwasha.

Mchana ulikuwa umeshapinda walipopakua. Karani akatangulia kwa kijiko kilichojaa, na chumba kizima kikasikia meno yake. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Mlinzi alitoa punje mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani kwa adabu.

"Karani," Makanika aliuliza, "haya ni ya kula au ya kupanda?"

Wanaume wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Wanawake hawakucheka, waliinamia sahani zao. Karani alimeza kwa taabu, akamgeukia mkewe, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini.

"Nilimwambia asifanye haraka. Hawa wake zetu, jambo zuri wanalisikia nusu."

Ukweli wote ulikuwa ulimini mwa Mama Pacha, na kila mwanamke mkekani alikuwa anaujua.

"Nimekosea," alisema. "Akili yangu ndogo."

Mke wa Makanika alinyanyuka kukusanya sahani. Walipofika jikoni alizitua, akamkumbatia Mama Pacha kwa nyuma.

Wageni walipoondoka, Karani alimfuata. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameaibika, na aibu ilimfanya awe mpole kuliko kawaida.

"Usijali," alisema. "Si kila mtu ana kichwa cha mambo haya. Kapu weka vitunguu. Mkaa wako nitakurudishia kama zamani."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao Karani kuongeza kitu alichokwisha kukipunguza. Mama Pacha alishukuru, akaingia bafuni, akafungulia bomba, akalia. Alilia kwa furaha, na alilia kwa kuwa alikuwa amenunua haki yake kwa jina lake jema.

Kiwandani waume walichekana wiki nzima, na hela ya mkaa ikarudi nyumba kwa nyumba. Siku ya mwisho ya mwezi Mama Pacha alimhesabia Bi Mkasi fungu la mwisho. Bi Mkasi alimkabidhi mkasi wake mkubwa kama nyongeza, akapanda gari la mwanawe, na Mama Pacha akakaa kwenye kiti cha cherehani, akakanyaga pedali. Kapu lilikuwa chini, miguuni pake, sufuria ikiwa ndani. Mchana huohuo mteja wa kwanza alileta gauni la kupunguza, akalipa papo hapo.

Jioni Karani alikaa kwenye kochi, akaanza na soksi ya kushoto.

"Kimebaki nini?"

"Hakijabaki kitu."

"Nasikia leo umeshinda kibarazani kwa Bi Mkasi. Nilipopita nikakuona kwenye mashine."

"Kaniachia niiangalie. Najifunza kushona."

"Unalipwa?" Aliuliza bila ubaya wowote, soksi ikiwa mkononi. "Maana kama unaingiza chochote, basi kwenye posho tunaweza kupunguza."

Hela ya gauni ilikuwa imekunjwa kifuani mwa Mama Pacha, bado ina joto. Alikuwa amedhani siku atakapoimaliza cherehani atapumua. Sasa aliona ujinga alioanza nao kwa sababu ya vitunguu na sukari itabidi aubebe na kule kibarazani, kila mwezi, mpaka mmoja wao azikwe.

"Nani anilipe mimi?" alisema. "Nyuzi zenyewe nazikata ovyo."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma. "Wewe nawe. Watu wanakutumia, huoni?"

"Sioni."

Akaenda jikoni. Wali ulikuwa umeshaiva tangu alasiri, akautoa kapuni na kuuweka juu ya jiko, akawasha viganja vyake viwili vya mkaa na kupepea mpaka moshi ukafika sebuleni.

"Mama Pacha," mumewe aliita kutoka kwenye kochi, "punguza moto. Mkaa umepanda bei."

"Haya, Baba Pacha," alijibu, akaendelea kupepea.