Taya la Bi Kijivu

Samaki wa mwisho wa rangi ya dhahabu alikufa Jumatatu asubuhi, mbele ya watu saba waliokuwa wakingoja kung'olewa meno. Alielea tumbo juu ndani ya tangi la kioo, taratibu, kana kwamba anawaaga. Bwana mmoja aliyejishika shavu alimtazama, akautazama mlango wa daktari, akautazama mlango wa kutokea, kisha akainuka na kwenda zake na uvimbe wake. Hakurudi.

"Basi!" akasema daktari wa meno, mwenye kliniki. "Mtu akiona samaki tu amenishinda, ataniaminije na kinywa chake? Tangi litoke. Naweka televisheni."

Aliyekuwa akipokea wagonjwa pale mezani alikuwa binti wa kaka yake. Alimaliza chuo miezi minne nyuma, uhandisi wa maji, na sasa aliandika majina ya watu wenye meno mabovu huku akisubiri kazi ya maji. Nesi alimwita Injinia kwa kumtania, hadi jina likaganda.

"Shangazi, niachie mimi hilo tangi," akasema Injinia. "Wale samaki hawakuwa na kosa. Maji yalikuwa yanang'aa tu, lakini ni machafu. Tangi lisilo na mimea ni kama nyumba isiyo na choo."

Nesi alicheka mpaka akaangusha trei ya pamba.

Shangazi mtu hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Nakupa nafasi moja. Siku nitakapoona samaki mgonjwa mbele ya wagonjwa wangu, siku hiyo hiyo nampigia simu fundi wa televisheni. Na sitaki maneno."

"Hutayasikia, Shangazi."

Injinia alikuwa na lake moyoni. Nyuma ya kliniki, ukipita karakana za maseremala, kulikuwa na kijito ambacho watu walitupia kila walichokichoka. Yeye alikuwa akisimama pale kila jioni, na chini ya mifuko ya plastiki alikuwa ameona samaki wadogo wakipita kama wapangaji waliokataa kuhama. Aliamini, kama anavyoamini mtu ambaye maisha hayajamkatalia mara nyingi, kwamba watu wakiwaona samaki hao kwa karibu, mkono wa kutupa taka utakuwa mzito. Tangi likiondoka, nani atakwenda kuchungulia kijitoni?

Alianzia chini, kama wanavyoanza wajenzi. Alichekecha udongo wa bustani, akautandaza unene wa vidole viwili, juu yake akaweka mchanga mnene wa mto. Mawe nayo Shangazi aliyadai, akayapitisha kwenye mashine ya kuchemshia vyombo pamoja na koleo za kung'olea meno.

"Shangazi, mimea inahitaji uchafu kidogo."

"Katika kliniki hii hakuna kitu kinachoitwa uchafu kidogo."

Maji ya bomba aliyaacha siku mbili kwenye ndoo zisizofunikwa ili dawa yake iruke. Nyuma ya tangi akapanda majani marefu kama utepe, katikati yungiyungi dogo, mbele gugu laini kama manyoya ya kifaranga. Kisha akasubiri. Wiki ya kwanza maji yalifanana na chai ya maziwa. Wiki ya tatu kioo kikaota ukijani.

"Injinia," akauliza Nesi, "tunafuga samaki au tunalima mchicha?"

"Cheka tu. Kuna wadudu wasioonekana wanaojenga humo ndani. Bila wao samaki atakufa kwa mkojo wake mwenyewe."

"Hebu usiseme hivyo mbele ya wagonjwa!"

Kila asubuhi alitia matone ya dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya tangi na kutazama rangi. Wiki ya tano rangi ilikubali. Siku hiyo alishuka kijitoni na ndoo na kipande cha chandarua, akarudi sketi imelowa pindo lote, na samaki kumi na mmoja: vidagaa sita wenye doti nyeusi ubavuni, na perege watano wa aina ndogo, wasiozidi kidole cha shahada. Dume lao lilikuwa la buluu, likitembea kifua mbele bila kazi yoyote, hivyo Nesi akaliita Mheshimiwa. Jike kubwa, lenye rangi ya majivu na haya nyingi, likawa Bi Kijivu.

Chumba cha kungojea kikabadilika. Watoto walisahau kulia. Mzee mmoja aliitwa jina lake akapunga mkono: "Mwiteni huyu kwanza, mimi bado natazama."

Kisha ikaja ile Jumatano. Shangazi alitoka kuchukua glavu, akasimama ghafla mbele ya kioo.

"Injinia, huyu taya lake limekuwaje?"

Bi Kijivu alikuwa amejificha kwenye majani. Chini ya kidevu alikuwa amevimba kama aliyebugia ndimu, na mdomo haufungiki sawasawa.

"Anakula?"

"Hapana, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Siku... kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Na wewe kimya?"

"Nilidhani atapona."

"Taya limevimba, hali, anajitenga na wenzake, mdomo haufungi. Hilo ni jipu. Angekuwa mtu ningemlaza kitini sasa hivi." Akatoa simu. Fundi wa televisheni akasema atafika kesho saa nne.

Siku hiyo Injinia alirudi kwenye kichupa chake. Alipima maji mara tatu, yalikuwa safi. Maji aliyajua kama kiganja chake. Samaki, alikiri nafsini, aliwajua kwa sura tu.

Asubuhi, kabla mgonjwa hajafika, alisimama kwenye mlango wa chumba cha matibabu akiwa na bakuli.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kama umekuja kuniomba, usijisumbue."

"Sijaja kwa shangazi yangu. Nimeleta mgonjwa kwa daktari." Akaliweka bakuli mezani, Bi Kijivu alikuwa humo, chini ya jani. "Tangi liondoe, neno lako ni lako. Lakini umesema aliyevimba hivi ungemlaza kitini. Basi mtazame kwanza."

Shangazi alimtazama binti wa kaka yake, akalitazama bakuli.

"Dokta," akanong'ona Nesi, "huyu hana miadi."

"Nyamaza, washa taa."

Alilowesha glavu kwa maji ya tangi, akamshika samaki humo humo majini, polepole kama anayeshika yai. Akachukua kioo chake kidogo kuliko vyote na kijiti laini.

"Fungua mdomo," akasema, kwa mazoea.

"Mwambie asiogope," akasema Nesi.

Kijiti kiliinua mdomo wa juu. Shangazi akainama. Akakaa ameinama muda mrefu hata Injinia akashindwa kuvumilia.

"Ni jipu, Shangazi?"

"Njoo uone."

Ndani mlikuwa na macho. Macho mengi, meusi, mawili mawili, kila jozi juu ya kijimwili chembamba kama uzi, yamebanana yanachungulia nje.

"Miaka ishirini na mbili nafungua vinywa vya watu," akasema Shangazi kwa sauti ya chini. "Sijapata kukutana na kinywa kinachonitazama."

Kitoto kimoja kikachomoka, kikazunguka bakuli, kikaogopa mwanga, kikakimbilia tena kinywani. Mama akafunga.

"Kumbe si jipu, ni chekechea!" Nesi akapiga kelele.

Injinia alijikuta amekaa kwenye kigoda cha daktari, anacheka na kulia. Siku kumi na tatu yule mama hakula, asije akameza wanawe!

"Na mimi," akasema Shangazi, "nilikuwa nawaza kumwandikia dawa."

Saa nne fundi akafika na televisheni begani. "Nifunge wapi, Dokta?"

"Ishushe. Tazama hapa kwanza."

Akatazama. Simu yake ikaita, akasema yuko kazini, akaendelea kutazama. Saa tano aliondoka na televisheni yake, baada ya kuuliza kama anaruhusiwa kumleta mkewe.

Jumatatu Bi Kijivu aliwaachia wanawe kwenye gugu laini. Injinia alihesabu ishirini na sita. Wagonjwa wakaanza kuuliza samaki hao wanauzwa wapi.

"Hawauzwi. Wametoka hapo nyuma, kijitoni."

"Wacha utani!"

Alipolisikia jibu hilo kwa mara ya kumi, Shangazi akavua glavu na kutoka chumbani.

"Pale penye mifuko?"

"Pale pale, Shangazi."

Akawatazama wale watoto ishirini na sita.

"Jumamosi tunafunga saa sita. Utanipeleka. Nesi, lete magunia na zile glavu nene." Kisha akamsogelea Injinia, akashusha sauti. "Kina chake kikoje? Mimi siwezi kuogelea."

"Maji yanaishia kwenye kifundo cha mguu."

"Hata hivyo," akasema Shangazi. "Utanishika mkono."