Shemeji wa Ukutani

Fundi Makochi alikuwa na ulimi mrefu kuliko tepu yake ya kupimia, na siku ulipomponza alikuwa ameuma pini tatu mdomoni.

Asubuhi hiyo mtafiti wa mijusi, mama mmoja mwenye buti na daftari, aliingia karakanani akasimama mbele ya fremu za viti zilizoegemezwa ukutani. Juu ya fremu moja alikuwa amejibandika mjusi wa kijani kibichi, madoa mekundu mgongoni kama mtu aliyepita chini ya ngazi ya mpaka rangi. Mtafiti akanong'ona kwamba mjusi yule haonekani popote duniani ila kisiwani hapo.

"Ninyi mnamwitaje, fundi?"

Kwa kweli walimwita mjusi. Lakini fundi hakuzaliwa kujibu swali hivi hivi. Akatema pini. "Huyo? Shemeji."

"Shemeji? Kwa nini?"

"Haingii kwa hodi, analamba sukari ya watu, na ukimuuliza ataondoka lini, anakutolea macho tu."

Wateja wawili waliokuja kuulizia kochi lao walicheka mpaka wakaangukia sponji. Mtafiti hakucheka, aliandika. Shemeji mwenyewe, yaani kaka wa mke wa fundi, aliyekuja kwa wiki mbili na sasa yumo mwaka wa tatu, alikuwa ametumwa kuchukua kitambaa.

Maneno hayana mkia, lakini yale yaliota. Miezi ikapita, bango la yule mtafiti likasimikwa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana: mjusi mkubwa kama mlango, na chini yake, kwa herufi nene, SHEMEJI. ANAPATIKANA KISIWA HIKI TU. Kufika saa nne muuza magazeti alikuwa ameshauliza, "Shemeji, leo sukari umeikuta?" na fundi baiskeli wa jirani alitaka aonyeshwe jinsi ya kutembea darini.

Shemeji aliingia chumba cha nyuma, akakawia, akatoka na begi begani. Akaweka sponji ya sindano mezani kama kila siku.

"Utani tu, shemeji," fundi akasema.

"Utani mtu hutaniwa usoni. Mimi umenitania kwenye bango."

Mke wa fundi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Ulimi uliponza kichwa. Kaka yangu akienda, makochi utashona na huyo mjusi."

"Kwani kabla yake nilikuwa sishoni?" fundi akabisha, akairudia meza yake kwa maringo huku shemeji akivuka barabara.

Alikuwa na kiti cha kumaliza kabla ya adhuhuri. Na hapo ndipo palipolala siri. Tangu mwaka juzi, tundu la sindano lilikuwa limemhama. Kochi aliliona, na makosa ya mafundi wenzake aliyaona toka mbali. Tundu la sindano, hata kidogo. Hakumwambia mtu, maana nani atampa kazi fundi asiyeona sindano? Ila kila asubuhi alikuta sindano kumi zimeshatungwa uzi, zimechomekwa kwenye kipande kile cha sponji. Hakuuliza ni nani. Hakushukuru. Alishona tu, akijifanya karakana ina malaika.

Sasa aliponyoosha mkono, alipapasa msitu. Zilikuwa arobaini na tatu, kila sindano ya nyumba ile, hata ile kubwa iliyopinda, na zote zina uzi. Mtu amekasirika, anafunga begi, na bado ameketi kumtungia shemeji yake uzi wa siku nne!

Fundi alitoka mbio, kandambili moja ikabaki barabarani. Shemeji alikuwa chini ya bango akisubiri gari. Kutania fundi alijua. Kuomba radhi hakuwahi kufunzwa. Akasogeza uso karibu na maandishi madogo ya bango.

"Hebu nisomee hayo ya chini."

"Soma mwenyewe."

"Siyaoni."

Muuza magazeti alikuwa pale pale, masikio wazi. Fundi akasema kwa sauti ya kusikika: "Siyaoni, shemeji. Hata tundu la sindano silioni. Wewe ndiye macho yangu, nami nimekulipa kwa ulimi. Nisamehe."

Shemeji akaligeukia bango. "'Shemeji hana madhara. Hupunguza mbu na mende nyumbani.'" Akakohoa. "'Ni marufuku kumsumbua Shemeji, kumfukuza, au kumhamisha kutoka katika makazi yake.'"

Mstari wa mwisho akausoma tena, taratibu. Begi likateremka lenyewe.

"Imeandikwa hivyo?" fundi akauliza.

"Marufuku kabisa. Na wewe usijitoe. Mimi shemeji yako, wewe shemeji yangu. Ukutani tumo wote."

"Basi mimi niwe yule mwenye madoa."

"Wewe ni yule mwenye ulimi. Ila mjusi jicho likiingia vumbi hulilamba likang'aa. Wewe ulimi wote huo, na jichoni haufiki! Kesho tunakwenda kupima macho."

Fundi akalibeba begi, akaokota kandambili. Mlangoni pa karakana shemeji akasimama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akagonga.

"Hodi!"

"Nani?" mke wa fundi akauliza toka ndani.

"Shemeji!" wakaitika wote wawili.

"Mmechelewa," akasema. "Ameshaingia. Yuko kwenye kopo la sukari."